Sindano ya jicho: maswali kutoka Tukuyu, Mafinga, Vwawa na Njombe

Mama yangu, Tukuyu, ana kisukari. Ameambiwa retina, utando wa nyuma ndani ya jicho unaopokea mwanga, imevimba, atachomwa sindano ndani ya jicho. Anaogopa mno. Inachomwaje?

Mwelezeni hatua zote kabla hajapanda gari. Mgonjwa anayejua kinachofuata hutulia. Kwanza huwekewa matone ya ganzi. Kope husafishwa, jicho hutiwa povidoni ayodini ya asilimia 5 kuua vijidudu, kisha kifaa kidogo hubanua kope asiweze kufumba. Daktari hupima milimita 4 kutoka ukingo wa duara jeusi la jicho, au 3.5 kama mama alishatolewa mtoto wa jicho na kuwekewa lenzi, halafu huchoma kwenye weupe. Hapo sindano hupita nyuma ya lenzi bila kuigusa retina. Ni sindano nyembamba, namba 30, na dawa ni mililita 0.05 tu, kama tone moja. Atahisi kusukumwa kwa sekunde chache. Baadaye ataulizwa kama anaona vidole. Ikiwa giza limetanda ghafla aseme hapo hapo, maana presha ya jicho inaweza kuwa imepanda na inahitaji kushushwa upesi.

Baba, Mafinga, alichomwa mara mbili, akaanza kuona vizuri. Sasa hataki kurudi.

Tunamsihi arudi. Macho mengi hupotea hapa, kwa mtu aliyekuwa akiendelea vizuri kabisa. Retina iliyokosa oksijeni hutoa protini iitwayo VEGF, inayofanya mishipa ivuje na mingine mipya, dhaifu, iote. Dawa huizuia protini hiyo kwa wiki kadhaa, kisha huisha nguvu wakati kisukari bado kipo. Kwa hiyo kwa kawaida huanza sindano za kila mwezi, tatu hadi tano mfululizo kutegemea dawa, ndipo picha ya OCT, kipimo cha mwanga kinachoonyesha matabaka ya retina, ionyeshe kama zitenganishwe zaidi. Akikatiza, maji hurudi, na retina iliyokaa na uvimbe miezi mingi haipati tena uwezo wote wa kuona hata ikikauka. Mkiangalia gharama, hesabuni tangu mwanzo nauli na sindano za miezi hiyo yote, msihesabu ya kwanza peke yake. Na sukari na presha ya damu zishuke. Sindano haifanyi kazi hiyo.

Natoka Vwawa alfajiri kwenda kuchomwa. Nisile?

Kula, na unywe dawa zako kama kawaida, isipokuwa daktari amekuagiza vingine. Ganzi ya matone haihitaji tumbo tupu. Mwenye kisukari akimeza dawa bila kula, sukari inaweza kushuka akiwa njiani. Nenda na mtu wa kukushika mkono wakati wa kurudi.

Nimechomwa juzi, niko Njombe. Weupe umekuwa damu tupu na naona viduara vyeusi. Nirudi?

Damu isiyouma ni mshipa mdogo wa juu uliopasuka. Huisha kwa wiki moja au mbili. Viduara ni viputo vya hewa, hutoweka kwa siku moja au mbili. Mwasho wa usiku wa kwanza huletwa na ayodini.

Hatari ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, hasa kati ya siku ya pili na ya saba, pamoja na kuona kunakofifia, wekundu unaoongezeka au mwanga kuumiza. Huenda ni maambukizi ndani ya jicho. Hutokea kwa nadra sana, lakini yanaweza kulipofusha kwa siku chache, na tiba yake ni antibayotiki inayochomwa ndani ya jicho. Matone ya duka la dawa hayafiki huko, na yenye steroidi yanaweza kuficha dalili. Rudi siku hiyo hiyo, usingoje tarehe ya kliniki. Ukiona vimulimuli kama radi au pazia jeusi likishuka, vivyo hivyo: retina inaweza kuwa inabanduka. Kwa siku chache za kwanza usifikiche jicho, usiogelee, na upepetaji wa mahindi waachie wengine.