Dogo kachaguliwa chuo ila mkopo hajapata: tukope mtaani au kuna njia nyingine?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mdogo wangu kamaliza form six PCM, kachaguliwa digrii ya uhandisi wa umeme miaka 4 chuo binafsi, ada milioni 2.6 kwa mwaka. Bodi ya Mikopo hajapata kitu. Mama anataka achukue milioni 3 kwa wale wa mikopo ya mtaani, riba asilimia 10 kwa mwezi, aweke rehani kiwanja chetu cha Chanika. Nisaidie, kuna namna nyingine? Dada mtu, Mbagala.

JIBU: Marahaba dada. Kwanza mwambie mama asisaini chochote wiki hii, tafadhali sana.

Tupige hesabu. Milioni 3 kwa asilimia 10 kwa mwezi ni riba ya laki 3 kila mwezi, mwaka ukiisha mmeshalipa milioni 3.6 za riba tu na ile milioni 3 bado mnadaiwa vilevile, na hapo dogo kamaliza mwaka wa kwanza, imebaki mitatu ya ada milioni 7.8, hujaweka nauli wala kula wala chumba. Hiyo ndo kausha damu yenyewe, na kiwanja kitaenda kabla dogo hajafika mwaka wa tatu.

Mkopo wa Bodi ni habari nyingine kabisa, usiuchanganye na huo. Akishaajiriwa wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ilishafutwa 2021. Kwa hiyo dirisha la rufaa likifunguliwa akate rufaa, aambatanishe vielelezo vyote vya hali ya nyumbani, wengi wanakosa sababu ya karatasi moja tu.

Sasa rufaa ikigoma, mimi ningempeleka diploma ya umeme kwenye chuo cha serikali, kwa hapa Dar DIT, yaani Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam, ndo ya kwanza kuulizia. Na sababu yangu kubwa hata sio ada, ni ule mfumo wa ngazi. Ngazi ya 4 ukimaliza una astashahada ya msingi, ya 5 una astashahada, ya 6 ndo diploma, yaani hela ikikatika katikati anaondoka na cheti kinachotambulika, anafanya kazi mwaka mmoja miwili, anarudi kuendelea. Digrii ukiiacha mwaka wa pili unabaki na matokeo ya mitihani tu mkononi, hakuna cheti chochote. Nimefundisha ufundi miaka mingi, vijana wa hivyo nimewaona na inaniuma kila nikimkumbuka mmoja, kichwa kizuri kabisa, kaishia mwaka wa tatu kwa deni la ada na mpaka leo hana cheti.

Diploma ya uhandisi kawaida ni miaka 3 kuanzia cheti cha form four, ila aulize chuo kama form six yake inampunguzia kitu. Na tangu 2023/24 Bodi inakopesha hata diploma kwa fani za kipaumbele, aangalie mwongozo wa mwaka huu kama yake imo. Akipata GPA (wastani wa ufaulu) ya 3.0 kwenda juu mlango wa digrii uko wazi, cheti cha form four kiwe na D nne angalau. Kwa hiyo mama asione kama digrii imekufa, anaifata akiwa na kipato chake.

Kama hata hiyo ni nzito, kuna VETA Chang'ombe. Ada ya kozi ndefu kwa mwaka imekuwa 60,000 kutwa na 120,000 bweni, ulizeni ya mwaka huu, michango ya vifaa mbali, masomo yanaanza Januari. Najua dogo atasema yeye ni form six hawezi kukaa na wa darasa la saba, akae nae chini umueleze, kule anashika bisibisi na waya siku ya kwanza. Akishapata cheti na uzoefu aombe leseni ya mafundi umeme ya EWURA, ile mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zina madaraja kulingana na elimu na uzoefu, maana nyumba bila fundi mwenye leseni kuunganishiwa TANESCO ni shida, na mji unavyojengwa huko Chanika, Kivule, Bunju, kazi ya wiring ipo.

Wakati anasubiri asikae tu nyumbani, mtafutieni fundi wa mtaani mwenye leseni amshike mkono hata kwa nauli tu.

Jambo la mwisho, kabla ya kulipa hata fomu kwenye chuo chochote cha kati, tafuta jina la chuo NA la kozi kwenye orodha ya NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi, vyote viwili, kwa sababu chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa halafu kozi mnayouziwa haina ithibati.