Maswali Yenu: Programu ya Simu kwa Wagonjwa Ianzie kwa Nani?

SWALI: Shikamoo. Mimi na wenzangu wawili tumesomea kompyuta, na tunatengeneza programu ya simu ya kuwakumbusha wagonjwa wa kisukari na presha kumeza dawa na kuhudhuria kliniki. Daktari mmoja ameiona na kuisifu. Je, tuwaite wagonjwa sasa, au tuimalize kwanza? – Kijana wa Ngamiani, Tanga

JIBU: Marahaba, mwanangu. Waite sasa, kabla hamjaendelea mbele, kwa sababu mgonjwa akiletewa kitu kilichokwisha kutengenezwa atakipokea kwa adabu, atawashukuru, na akifika nyumbani hatakifungua tena.

Haya nayasema kwa majuto. Miaka iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu waliotengeneza programu ya namna hiyo kwa ajili ya kliniki moja ya hapa Tanga. Bibi mmoja aliyeandikiwa vidonge vya sukari mara mbili kwa siku alikuwa akipata ujumbe wa “8:00” asubuhi na wa “20:00” usiku, nasi tukiona kwenye kompyuta kwamba ameufungua, tulidhani dawa imemezwa. Siku tulipokwenda kukaa naye barazani na kumwomba atuoneshe anavyofanya, aliweka kidole juu ya ile 8 akasema, “Si saa nane hii?” Kumbe kidonge cha asubuhi alikuwa akikingoja hadi saa nane mchana, na cha usiku hakimezi kabisa, maana saa ya ishirini hajapata kuisikia. Bibi hakukosea hata kidogo. Tuliokosea ni sisi, tuliomwachia saa inayohesabiwa tangu usiku wa manane mtu ambaye maisha yake yote amehesabu tangu macheo, na hakuna daktari wala fundi wa kompyuta aliyeliona jambo hilo mpaka mwenyewe alipolisema.

Hata hivyo, siku ya kwanza msiwaweke wagonjwa na madaktari chumba kimoja. Mzee anayeruka dawa kwa sababu zinamtia kizunguzungu hatalisema hilo mbele ya daktari wake. Ataitika “ndiyo, daktari” kwa kila jambo, nanyi mtaondoka na daftari lililojaa ndiyo. Wakutanisheni wagonjwa peke yao, tena isiwe siku ya kliniki, ambapo wengine wamepanga foleni tangu alfajiri bila kula wakingoja kupimwa sukari. Nauli yao lipeni ninyi. Wauguzi nao wasikilizeni kando, na swali la kwanza kwao liwe ni kazi gani programu hii itawapunguzia, kwani muuguzi ambaye tayari anajaza kwa mkono vitabu vya MTUHA, yaani vile vya kuwekea taarifa za huduma za afya, hatavumilia kuandika habari zile zile mara ya pili kwenye simu.

Baada ya hapo wakutanisheni wote, na mezani pasiwe na simu bali maboksi yaliyokatwa kwa ukubwa wa simu, penseli na kifutio. Njia hii ni ya zamani: katika mradi wa UTOPIA, ulioendeshwa nchi za Skandinavia kati ya 1981 na 1985, wafanyakazi wa uchapaji wa magazeti na watafiti walitumia mifano ya mbao na makaratasi kuamua pamoja kompyuta zao ziweje. Mtu huona haya kukosoa kioo kilichong’arishwa, lakini mchoro wa penseli ataufuta bila kusita, na hapo ndipo mazungumzo ya kweli huanza.

Waulizeni pia kuhusu Ramadhani. Katika mji kama wetu, simu inayolia saa sita mchana kumtaka aliyefunga ameze kidonge itazimwa siku hiyo hiyo. Mgonjwa ndiye anayejua anakula futari na daku saa ngapi. Daktari ndiye anayejua kama anaweza kufunga kwa usalama, na kama dawa hii inaweza kuhamishiwa nyakati hizo na kwa kipimo gani. Ratiba hiyo haiwezi kupangwa na mmoja bila mwenzake, wala ninyi hamwezi kuibuni.

SWALI: Vijana wameniita nisaidie kutengeneza programu ya kliniki yetu. Elimu yangu ni ya darasa la saba, na simu ninayotumia ni kitochi cha mjukuu. Nitawafaa nini? Na habari za maradhi yangu zitakwenda wapi? – Mama wa Pangani

JIBU: Mama, hicho kitochi ndicho watakachojifunza kwako. Waambie kwamba ujumbe husomwa kwanza na mjukuu, ili wasiandike humo jina la maradhi, na wakikuonesha neno usilolielewa, liseme hapo hapo mpaka walibadilishe.

Kuhusu habari zako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti. Kabla hujaeleza lolote, watake wakusomee kwa Kiswahili wanachokiandika, nani atakiona na kitahifadhiwa wapi, na kwamba ukijitoa matibabu yako kliniki hayatabadilika. Wakikuomba kidole gumba kwenye karatasi usiyosomewa, irudishe.