Mafunzo Yamekwisha: Je, Kazi Imebadilika?

SWALI

Ndugu Mhariri, mimi ni afisa utumishi katika kiwanda cha kusindika mkonge wilayani Muheza, mkoani Tanga. Mwezi Februari tuliendesha mafunzo ya wiki moja kwa wafanyakazi wa korona (mashine inayokwangua majani ya mkonge ili kutoa singa, yaani nyuzi zake) na wa chumba cha kuchambua singa. Siku ya mwisho kila mmoja alijaza fomu ya tathmini, na karibu wote waliandika kwamba mafunzo yalikuwa mazuri sana. Hata hivyo, mwezi Aprili singa za daraja la UG, ambalo ni la chini, zilikuwa nyingi kuliko za Februari. Meneja anaona kwamba fedha zimepotea na anataka kufuta awamu ya pili. Nitapimaje mafunzo haya ili tujue kama yamesaidia?

JIBU

Ndugu msomaji, kwa vielelezo mlivyonavyo sasa, hakuna kati yenu wawili anayeweza kuthibitisha lolote. Fomu inaeleza jinsi wafanyakazi walivyompokea mwalimu, jambo ambalo lina maana yake, lakini haigusi kazi yenyewe. Nazo singa za Aprili zimebeba mambo mengi kwa pamoja, mojawapo likiwa ni mvua. Masika ya Tanga huanza Machi na kukolea Aprili na Mei. Singa zinazoanikwa nje hukawia kukauka, rangi yake huharibika, na hatimaye hushushwa daraja hata kama zimepita katika mikono ya mafundi hodari. Kwa hiyo meneja wako amepima mvua na mafunzo kwa mkupuo mmoja.

Mmarekani Donald Kirkpatrick, katika makala alizoanza kuchapisha mwaka 1959, aligawa tathmini ya mafunzo katika ngazi nne: wahusika walivyoyapokea, walichojifunza, walivyobadilika kazini, na matokeo kwa taasisi. Ninyi mmepima ngazi ya kwanza, kisha mkarukia ya nne. Jibu mnalolitafuta limo katika ngazi mbili za katikati.

Ngazi ya pili haina ugumu. Chukueni mafungu ya singa ambayo mchambuzi mzoefu ameshayapangia madaraja kwa kufuata urefu, rangi na usafi, kisha kila mfanyakazi ayapange peke yake kabla ya mafunzo na tena baada ya mafunzo. Asiyeweza kutofautisha daraja la 3L, lililo bora kuliko UG, na UG yenyewe ataonekana hapo hapo, na aliyejifunza vilevile.

Ngazi ya tatu ndiyo ninayokusihi uipe muda, kwa kuwa mafunzo mengi huishia hapo bila mtu kujua. Kaa kwenye korona wiki kadhaa baada ya mafunzo, utazame kama fundi anarekebisha nafasi ya visu vya mashine kama alivyofundishwa, kisha chota makapi yanayotoka na upime singa zilizomo. Singa ni takriban asilimia 4 tu ya uzito wa jani, hivyo kiasi kidogo kinachopotea kwenye makapi ni hasara kubwa. Katika chumba cha kuchambua, uliza kwanza jinsi watu wanavyolipwa. Ikiwa wanalipwa kwa kipande, yaani kwa wingi wa singa wanazomaliza, basi kila dakika ya kuchambua kwa uangalifu inapunguza ujira wao, na mnyapara anayewahimiza waongeze kasi anafuta alichofundisha mwalimu. Hapo utakuta mfanyakazi anayefaulu mtihani vizuri lakini kazini anaendelea na mtindo wa zamani. Kosa hilo ni la utaratibu wa malipo, na si haki hata kidogo kumwandikia mfanyakazi huyo kwamba hafundishiki.

Kuhusu awamu ya pili, mwombe meneja asiifute bali akubali igawanywe. Nusu ya wafanyakazi, waliochaguliwa kwa kura na wala si kwa kupendelewa, wafundishwe kwanza, na nusu nyingine wafundishwe miezi miwili baadaye. Makundi yote mawili yatafanyia kazi majani ya mashamba yale yale, chini ya mvua ile ile, kwa hiyo tofauti itakayojitokeza kati yao itakuwa na uzito ambao takwimu za Februari na Aprili hazina. Gharama pia zihesabiwe, zikiwemo saa ambazo wafanyakazi hawakuwa kazini, ila hesabu ya faida ya kifedha ingoje mpaka mabadiliko kazini yathibitike.

SWALI

Sisi tunaendesha hoteli ndogo Raskazone, jijini Tanga, na tumewafundisha wahudumu wa mapokezi. Hatuna mizani wala madaraja. Tupime nini?

JIBU

Kabla ya mafunzo mengine, kubalianeni na wahudumu wenyewe juu ya vitendo vichache vinavyoonekana: mgeni anangoja muda gani kabla ya kuhudumiwa, anaelezwa bei yote kabla ya kutia saini au la, lalamiko linaandikwa kitabuni au linaishia mdomoni. Rekodini vitendo hivyo kwa wiki chache kabla ya mafunzo na wiki chache baada yake. Jihadharini na kitabu cha malalamiko: baada ya mafunzo mazuri malalamiko huweza kuongezeka, kwa sababu wahudumu sasa wanayaandika.