Ukienda Chartres, chagua dirisha moja ukae nalo

Jamani wale mnaopanga kwenda Ufaransa, mkifika kanisa kuu la Chartres (treni kutoka Montparnasse pale Paris, kama saa moja hivi) msihangaike kuona madirisha yote ya vioo vya rangi. Mimi mara ya kwanza nilizunguka na simu mkononi napiga picha tu, nikarudi na picha kibao na hata moja siwezi kukueleza ina nini. Madirisha ni zaidi ya 150 na mengi yametengenezwa baada ya ule moto ulioliunguza kanisa mwaka 1194, utayamaliza saa ngapi?

Mara ya pili nikachagua moja, la Msamaria Mwema, upande wa kusini. Kwanza kaa tu kama dakika kumi, mle ndani kuna giza na macho lazima yazoee, ukitoka juani ukatazama papo hapo unaona blu na nyekundu zimevurugana basi. Halafu anzia CHINI, hapo ndo wengi tunapotea maana tumezoea kusoma kushuka, ila haya mengi yanasomwa kwa kupanda. Chini kabisa wapo mafundi viatu na kazi yao, wamewekwa pale kama watoaji wa dirisha. Juu yao msafiri anatoka Yerusalemu, anavamiwa, kuhani na Mlawi wanampita, Msamaria anamwokota. Panda tena, mara Adamu na Hawa! Nilidhani macho yamehamia dirisha jingine. Kumbe walimu wa kanisa wa zamani walisema yule msafiri ndiye Adamu, mwanadamu aliyeanguka, na Msamaria ni Kristo. Nilisimama pale nikasisimka mwili mzima.

Na beba darubini, hata ndogo, tafadhali sana. Bila hiyo huoni kwamba macho, vidole na mikunjo ya nguo vimechorwa kwa brashi, rangi ya weusiweusi yenye unga wa chuma au shaba na kioo kilichosagwa, kisha ikachomwa kwenye tanuru ikashika. Ile blu yenyewe haikupakwa, imo ndani ya kioo, ni kobalti iliyotiwa kioo kikiwa bado kimeyeyuka. Ile mistari minene myeusi ni madini ya risasi, ndo inayoshika vipande, ila ifuatishe kwa jicho uone fundi alivyoipitisha pembeni ya bega au mguu mpaka na yenyewe ikawa sehemu ya mchoro.

Wingu likifunika jua usiondoke. Subiri hapohapo, nyekundu itafifia na blu itabaki inawaka peke yake.