Kitabu Kirefu kwa Aliyefungiwa Nyumbani

Mtu anayelazimika kukaa ndani kwa muda mrefu, iwe kwa ugonjwa, kwa uzazi, kwa eda au kwa amri ya serikali, mara nyingi huambiwa asome, lakini ni nadra kuelezwa asome nini na kwa utaratibu gani. Ushauri wangu ni kwamba achague kitabu kirefu, akitengee saa maalumu na, ikiwezekana, akisome kwa sauti mbele ya wengine.

Haya niliyaona Mji wa Kale, Mombasa, mwaka 2020, wakati wa janga la korona. Kafyu ilikuwa imeanza nchini Kenya tarehe 27 Machi, na tarehe 6 Mei, tukiwa katika mfungo wa Ramadhani, serikali ikapiga marufuku kuingia na kutoka mtaani kwetu, na vilevile Eastleigh, Nairobi. Misikiti ilikuwa imefungwa, tarawehe tukaziswali nyumbani, na Idi ikatukuta mumo humo ndani. Kutwa tulisubiri idadi ya maambukizi kutoka Wizara ya Afya, na usiku simu zikaleta uvumi wa dawa na wa vifo. Sisemi kwamba habari zipuuzwe wakati wa maradhi. Lakini zilitujia vipandevipande, kila kipande na hofu yake, hata ikawa vigumu kulifikiria jambo moja mpaka mwisho.

Aliyetuonyesha njia ni shangazi yangu, ambaye wakati huo alikuwa akikaa eda ya kufiwa na mumewe. Alikwisha kuigawa siku yake kwa swala, Kurani na ushoni, na kila baada ya tarawehe alimtaka mmoja wetu amsomee riwaya, kwa kuwa macho yake hayakuyaweza maandishi madogo. Riwaya yenyewe ilikuwa kuukuu, imepoteza jalada na kurasa za mwanzo, hivyo hadithi ilianza katikati ya ugomvi wa watu tusiowajua. Watoto walibishana juu ya chanzo cha ugomvi ule, kila mmoja akitoa ushahidi wake kutoka sura tulizokwisha kusoma, na kwa kuwa shule zilikuwa zimefungwa tangu Machi, sikuona zoezi la kujenga hoja lililowafaa kuliko lile.

Ndiyo maana nasisitiza urefu. Hadithi fupi huisha usiku uleule, ilhali riwaya humpa mtu jambo la kungojea kesho, na kwa yule ambaye Jumatatu yake haina tofauti na Alhamisi, hilo si dogo. Kusoma kwa sauti nako humzuia msomaji kuruka maelezo, na humshirikisha hata asiyejua kusoma. Vitabu vipya si lazima. Maktaba zilipofungwa tulibadilishana na majirani vile vilivyokuwa vikijaa vumbi kabatini.

Kwa anayesoma peke yake na kuona kuta zinambana, ningempa diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, mzaliwa wa Mombasa, ambayo tungo zake alizitunga gerezani, alikofungwa kuanzia mwaka 1969 hadi 1972 kwa sababu ya waraka wa kuikosoa serikali, zikachapishwa mwaka 1973. Nyumba yenye jamaa na chakula haifanani na jela, wala sidai hivyo. Hata hivyo, kuona mtu aliyenyang'anywa uhuru wake akichunga vina na mizani, ubeti baada ya ubeti, kulinipa nguvu ya kuushika utaratibu wangu mwenyewe katika wiki ambazo sikuwa na hamu ya kitu chochote.

Mwenye homa kali, au mjane wa siku za mwanzo, asishurutishwe kusoma. Asomewe kurasa mbili tatu saa ileile ya kila siku, na akisema basi, kitabu kifungwe hata kama sura haijaisha.