Unayetaka kuandika Vasilisa kwa Kiswahili, funga kwanza hiyo riwaya

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza mambo manne: riwaya yako ya Vasilisa na Baba Yaga, yule bibi mchawi wa ngano za Kirusi, iwafae watoto wa umri gani, majina ya Kirusi uyaache au uyabadilishe, picha utoe wapi, na nani anachapa kwa bei nafuu. Mimi nimekwama kwenye ile sentensi uliyoipitisha juu juu, kwamba "unafuata" riwaya moja ya Kiingereza uliyoipenda, kwa kuwa ngano ya kale haina mwenyewe.

Ngano haina mwenyewe, sawa. Riwaya inaye, na mwenyewe ana wakili.

Maneno yako hayo hayo niliambiwa, nilipokuwa naandika Vasilisa wangu, na bwana mmoja aliyejiita mshauri wa waandishi. Alinitoza ada, na risiti akanipa. "Badilisha majina mawili matatu, nani atajua?" Barua ya wakili ilipofika, simu ya mshauri ikawa haipatikani. Nasikia siku hizi anaendesha semina. Labda anafundisha namna ya kuzima simu.

Sikiliza nilivyoumia. Vasilisa wa kwenye ngano ni binti wa mfanyabiashara. Mama yake akiwa anakata roho anampa mwanasesere, halafu mama wa kambo na binti zake wawili wanamtuma msituni kwa Baba Yaga akaombe moto. Njiani anapita mpanda farasi mweupe, kunapambazuka. Anapita mwekundu, jua linachomoza. Anapita mweusi, usiku unaingia. Ua wa nyumba ni wa mifupa ya watu, una mafuvu juu yenye macho yanayowaka. Langoni, miimo ni miguu ya binadamu, makomeo ni mikono, kufuli ni mdomo wenye meno makali. Yote hayo yamo kwenye mkusanyo wa ngano za Kirusi wa Alexander Afanasyev, uliotoka kati ya 1855 na 1863. Mzee alifariki 1871. Jipakulie.

Sasa riwaya niliyoifuata mimi ilimfanya mpanda farasi mweusi kuwa kaka yake Vasilisa aliyerogwa. Kwenye ngano Baba Yaga anasema wazi kwamba yule ni usiku wake, na wote watatu ni watumishi wake. Basi, hakuna kaka. Ila mimi nilishaisoma ile riwaya hadi nikaamini kaka ni wa Warusi wote. Nikampa sura nzima, na ndiyo sura iliyowaliza watoto niliowasomea. Nikavimba kichwa! Kumbe najisifu kwa machozi aliyoyatafuta mwenzangu.

Vitabu vilikuwa vimeshachapwa, kwa mkopo. Nikatakiwa niache kuuza mara moja. Mkopo nao haukujali habari za kaka aliyerogwa, ukaendelea kukatwa kwenye mshahara kila mwezi. Maboksi ndiyo yamebeba televisheni sebuleni kwangu, na wageni wanasifia stendi.

Na usijidanganye kwamba kugeuza lugha kunakuokoa. Kutafsiri na kutohoa ni haki ya mtunzi. Tanzania Bara na Kenya haki hiyo inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo; nchi nyingi za Ulaya ni 70. Mwandishi wako wewe yuko hai, anakunywa chai.

Kwa hiyo chukua daftari, piga mstari katikati. Kushoto andika kila kitu kilichomo kwenye mswada wako, kulia umekitoa wapi. Kimetoka kwa Afanasyev, kiache. Kimetoka kichwani mwako, kiache. Kimetoka kwenye riwaya, futa. Hukumbuki? Futa hicho kabla ya vyote. Kama Kirusi hukijui, W. R. S. Ralston alizitia ngano nyingi za Afanasyev kwenye Kiingereza mwaka 1873, naye alifariki 1889. Tafsiri za juzi juzi kaa nazo mbali. Ngano ni ya wote lakini maneno ni ya mfasiri.

Picha: Ivan Bilibin, mchoraji wa Kirusi, aliwachora wale wapanda farasi karibu na mwaka 1900, akafariki 1942. Anza na hizo. Umri na bei watakujibu wengine, mimi kwa habari za kuchapa sitaki hata kuulizwa.

Ila kwenye muhtasari uliobandika nimeona paka. Paka wa Baba Yaga yupo kweli kwa Afanasyev, katika ngano nyingine. Anapewa nyama, naye anampa binti taulo na kitana. Taulo likitupwa nyuma linakuwa mto, kitana kinakuwa msitu. Huyo mchukue. Lakini wako anaongea kwa mashairi. Hayo mashairi umeyatoa wapi?