Mbu wa kwangu walikuwa wanazaliwa kwangu

Mwaka 2019, homa ya dengue, inayoenezwa na mbu, ilipotikisa Dar es Salaam, ilifika hadi kwetu Kinyerezi ikamlaza binti yangu. Kipimo cha malaria kikasema hana. Tukarudia, hana. Mtoto anaungua, analia kwamba macho yanamuuma kwa nyuma na viungo vimekuwa kama vimetwangwa. Muuguzi wa zahanati alipomaliza kumpima aliniuliza swali moja: "Mama, maji mnahifadhia wapi?"

Wakati ule bomba letu lilikuwa linatoa maji kwa mgao, kwa hiyo kila chenye mdomo pale uani kilikuwa na maji: pipa la bluu, ndoo, madumu yaliyokatwa shingo, hata beseni la kufulia. Jioni ile nilifunua pipa nikawasha tochi ya simu. Maji yalikuwa safi, ndiyo yale tuliyokuwa tunapikia. Nikagonga ubavu wa pipa kwa kidole. Ghafla vitu vyembamba kama nyuzi zilizokatwa vikashuka chini kwa pamoja, vikijikunja na kujikunjua. Nikatulia. Baada ya muda wakaanza kupanda mmoja mmoja, wakaning'inia kichwa chini, mkia umegusa uso wa maji, wanavuta hewa. Viluwiluwi wa mbu. Makumi kwa makumi, na pipa lipo hatua nne kutoka dirisha la chumba cha watoto.

Miaka yote hiyo nilikuwa nanunua dawa za kupuliza na udi wa mbu wa kuchoma, chumba kinajaa moshi, mwanangu wa pili mwenye pumu anakohoa usiku kucha. Nilikuwa napigana na mbu aliyekwisha kuota mabawa. Tangu siku ile vita nimeihamishia kwenye maji, na hilo ndilo ninalotaka kukushawishi na wewe ulifanye.

Kwa joto letu hili, yai la mbu linaweza kufika hatua ya kuruka ndani ya siku saba hadi kumi hivi. Ndiyo maana nimechagua siku moja ya wiki, Jumamosi asubuhi, na siiruki. Ukikagua mara moja kwa mwezi, mbu wameshakuzidi. Namwaga maji yaliyokaa, halafu nasugua chombo kwa brashi ngumu na sabuni. Kusugua ndiko watu wengi wanakoacha. Mbu wa dengue, yule mweusi mwenye madoa meupe miguuni, hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi yakisubiri maji yapande. Ukimwaga bila kusugua umewaachia mbegu. Pipa langu sasa lina kitambaa cha neti kilichofungwa kwa mpira mdomoni, na juu yake mfuniko.

Kisha nazunguka na tochi. Vifuu vya nazi, matairi, sahani za chini ya vyungu vya maua, turubai lililobonyea, mfereji wa bati ulioziba majani ya mwembe, chombo cha maji cha kuku. Hicho cha kuku kiliniumbua: nilikuwa naongeza maji kila siku bila kumwaga ya jana.

Tumezoea kusema mbu ni mbu, lakini wanaotusumbua Dar wana tabia tofauti, na ukizijua unajua pa kuwatafuta. Huyo wa dengue anauma mchana, zaidi asubuhi na alasiri kuelekea jioni, na haruki mbali na alipozaliwa. Akikuuma saa kumi ukiwa barazani, tafuta chombo uani kwako au kwa jirani wa ukuta mmoja. Wale wanaopiga kelele sikioni usiku wengi wao hutoka kwenye maji machafu: makaro, vyoo vya shimo, mitaro iliyoziba. Anofelesi, mwenye malaria, hupenda zaidi madimbwi yenye jua na majani pembeni, ingawa mjini amejifunza kuvumilia hata maji yasiyo safi. Huyu ndiye wa shambani.

Na mimi shamba ninalo, dogo tu, matuta ya matembele na mchicha kule bondeni upande wa Mto Msimbazi. Masika ikinyesha, kila mfereji kati ya tuta na tuta unakuwa kidimbwi. Niliwahi kusikiliza ushauri wa wazee nikamwaga oili chafu ya gari kwenye mfereji mmoja. Viluwiluwi walikufa kweli, kwa sababu oili inawaziba wasipumue. Lakini maji yakawa na utando wa rangi rangi, mchicha wa tuta lile ukanyauka, na nikakumbuka kwamba maji yale yanateremka mtoni na kwenye visima vya wenzangu wanaomwagilia mboga zinazoliwa mji mzima. Sikurudia, na nakuomba usijaribu.

Nilichofanya baadaye ni kazi ya jembe. Matuta nimeyageuza yafuate mteremko ili maji yatembee, mifereji naisawazisha isiwe na mashimo, na nyayo zetu tulizoacha kwenye tope nazifukia, maana hata wayo mmoja wenye maji unatosha. Kisima changu kifupi cha kumwagilia kingo zake nimezichimba zisimame wima, na majani pembeni nayang'oa, kwa sababu viluwiluwi hujificha penye maji machache na nyasi. Humo nimeweka vifaranga vya perege. Wiki ya pili nilichota kwa bakuli jeupe mara kumi, sehemu mbalimbali, sikuona hata kiluwiluwi mmoja. Bakuli jeupe, nakuambia, ni kifaa bora kuliko dawa yoyote niliyowahi kununua: chota taratibu ukingoni, subiri, tazama.

Upande wa choo, nimefunga kipande cha neti ngumu juu ya bomba la hewa la karo, na mifuniko ya chemba fundi ameiziba nyufa kwa saruji. Kwa vyoo vya shimo vyenye maji kuna njia iliyojaribiwa hapa hapa nyumbani. Mwaka 1988 kule Makunduchi, Unguja, vyoo vilimwagiwa punje nyeupe nyepesi za plastiki, zinazofanana na zile za maboksi ya televisheni ukizipukuchua. Zinaelea, zinafunika maji, mbu hapati pa kutaga na kiluwiluwi hapati pa kupumulia. Mbu wa vyooni walipungua sana. Ila kama shimo lako hufurika mvua zikija, punje zitaondoka na maji na kuchafua mtaa; kwa nyumba ya bondeni siishauri.

Najua wengi mnasubiri niseme kuhusu mimea. Ninayo: kivumbasi kando ya mlango, mchaichai uani, mwarobaini nyuma ya nyumba. Lakini mchaichai uliosimama tu ardhini haufukuzi mbu. Harufu inatoka ukiyavunja majani. Kivumbasi kibichi nakisugua mikononi ninapokaa nje jioni, kinasaidia kwa muda mfupi tu, halafu narudia. Mbegu za mwarobaini nazitwanga, naziloweka usiku kucha, nachuja na kumwaga kwenye madimbwi nisiyoweza kuyafukia, kwani zinavuruga ukuaji wa viluwiluwi. Siweki kwenye kisima chenye samaki wala maji ya kunywa. Kwa maji ya taka yaliyotuama, matone machache ya sabuni ya kuoshea vyombo nayo yanafanya kazi, kwa kuwa uso wa maji unalegea na kiluwiluwi anazama.

Ipo pia dawa ya vijidudu, bakteria wanaotoa sumu inayoharibu tumbo la kiluwiluwi na kuwaacha samaki, kuku, nyuki na watu salama. Hatuiagizi mbali: kiwanda kinachoitengeneza kipo Kibaha, kilizinduliwa 2015. Muulize afisa afya wa kata yako namna ya kuipata na kiasi cha kuweka.

Chandarua msikiache, hata kama uani kwako pamekauka kabisa. Anofelesi anaweza kuruka kutoka mbali. Madirisha yangu yana nyavu, na feni naielekeza kitandani, kwani mbu ni dhaifu wa kuruka penye upepo. Na mtu akipata homa, apimwe. Ikishukiwa dengue, apewe parasetamo na maji mengi, asipewe aspirini wala ibuprofeni, zinaongeza hatari ya kutoka damu.

Kwangu pameshakauka, lakini nyuma ya ukuta wetu kuna msingi wa nyumba ulioachwa miaka mitatu. Kila vuli unajaa maji kama bwawa. Mwenyewe hapokei simu. Nilichota kwa bakuli langu jeupe nikampelekea mzee jirani barazani kwake. "Shikamoo mzee, tazama." Akavaa miwani, akainama, akakaa kimya kitambo. "Marahaba mwanangu. Hawa wote wanakuja kwetu usiku?" Kesho yake tulikwenda naye kwa mjumbe, naye akatufikisha serikali ya mtaa, wakaturuhusu kufukia. Nyumba sita tumechanga, lori la kwanza la kifusi limeingia wiki iliyopita na vijana wamesambaza upande wa kaskazini. Upande wa pili bado una maji ya goti. Tumemwaga mbegu za mwarobaini humo wakati tunasubiri lori la pili, na nimeahidi kuchota kila Jumamosi na kuwaonyesha wenzangu bakuli.